Wiki ya Baridi Kwenye Nyumba ya Pareto

Ijumaa ile mama yangu alitoka ndani ya nyumba ya kukaushia maua amembeba mdogo wangu Lusajo mikononi, na mimi nilimkasirikia. Nilikuwa nimehangaika na mtoto yule asubuhi nzima mpaka amelala, na sasa mtu mzima mwenye akili zake anamtoa kwenye joto na kumpeleka kwenye manyunyu. Nikamwambia, "Mama, utamwamsha." Alikuwa anamtikisa, na kichwa cha Lusajo kilikwenda huku na huku, na midomo yake ilikuwa myekundu vizuri kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa maji ya moto. Nyuma yake akatoka Mama Eliza amembeba Eliza hivyo hivyo. Ndipo Mama Eliza alipopiga ukelele, na wanawake waliokuwa kwenye matuta wakatupa vikapu, wakaja mbio. Na mimi bado nilikuwa nawaza kwamba kwa kelele hizo watoto hawatalala tena mpaka jioni.

Nilikuwa na miaka minane, au karibu na hapo. Lusajo alikuwa na mitatu. Eliza alikuwa amemzidi kidogo.

Mimi si mwandishi. Nimesoma mpaka darasa la pili, nikatolewa, na hayo mengine nimejifunza dukani na kanisani. Ninakaa Chimala, nauza mchele, na sehemu hii ina joto na mbu, na mimi nilichagua joto na mbu kwa akili zangu timamu. Mwezi uliopita mjukuu wangu alileta ile dawa ya mbu ya kuchoma, iliyojikunja kama konokono. Akaiwasha jioni wakati tunachagua mawe kwenye mchele. Moshi ulipopanda, mikono yangu ikasimama yenyewe. Harufu ile ni ya pareto iliyokauka, yale maua ya kuulia wadudu, kama majani makavu yaliyolaliwa na ng'ombe halafu yakanyunyiziwa kitu kichungu. Nilitoka nje nikakaa juu ya kinu. Mjukuu akanifuata, "Bibi, moshi umekuumiza?" Nikamwambia ndiyo.

Sasa nasema yote, na majina nayataja.

Wenzangu mliokulia kwenye kambi za mashamba kule juu Uporoto mnaujua ule mwezi wa sita unapoisha, mvua imekwisha lakini jua halijaja, na ukungu unalala juu ya vilima kama mgonjwa. Kimji chetu kilikuwa cha barabara moja tu. Duka la Mhindi, mashine ya kusaga, kanisa la bati, zahanati ya chumba kimoja, kisha pareto inaanza na haina mwisho, maua meupe yenye jicho la njano mpaka yanapoishia macho. Shamba lilikuwa la mzungu tuliyemwita Bwana Kipenga, kwa sababu alikuwa na filimbi shingoni na aliwaita watu kwa filimbi kama tulivyokuwa tunamwita mbwa. Yeye alikaa mbali, akija mara moja kwa wiki, kila Jumamosi. Siku nyingine zote shamba lilikuwa la Festo Kisogole, mnyapara.

Festo alitoka upande wa Iringa. Alikuwa kijana bado, mrefu, mcheshi sana, na watoto tulimpenda. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Baba yangu yeye alikuwa Makongolosi, akitafuta dhahabu. Alikuwa amekwenda tangu Lusajo hajaota meno, na kila aliyetoka huko alituletea salamu badala ya baba.

Wiki ile ilianza na ukungu mzito. Jumatatu, ukinyoosha mkono mbele huoni vidole. Kina mama walichuma kwa kupapasa, wamevaa magunia, kona moja imeingizwa ndani ya nyingine ili iwe kofia, na sisi watoto tumekaa mwisho wa matuta, nasi tumevaa magunia, tunatetemeka kama vifaranga. Maua yenyewe yalikuwa machache kwa sababu ya baridi, na yaliyokuwepo yalikuwa yamelowa. Mikono ya mama ilikuwa imepasuka kwenye viungo, na maji ya pareto yakiingia kwenye mpasuko yanauma kama pilipili. Alikuwa ananyonya vidole, anatema, anaendelea.

Jioni ile Lusajo alikohoa mpaka akatapika. Jumanne asubuhi upepo ukaja kutoka nyanda za juu za Kitulo, na upepo wa Kitulo haukuzunguki, unapita katikati yako. Mama akaenda kwa Festo. Nilikuwa nimeshika gunia lake, nikasikia neno kwa neno.

"Ugonile, mnyapara," mama akamsalimia kwa lugha ya kwetu.

"Kamwene, mama. Sema haraka, mikono yangu imeganda."

"Watoto wanaumia kule kwenye matuta. Nyumba ya maua ina joto, na vichanja vya chini ni vitupu, maua hayajai. Tuwaweke humo mpaka baridi ipungue."

Festo akacheka. "Sasa mnataka nikaushe watoto?"

"Kausha tu," akasema Mama Eliza, ambaye alikuwa Msafwa na hakuwa anaogopa mtu. "Huyu wangu analowesha mkeka kila siku. Labda atapona kukojoa."

Wanawake wakacheka wote, hata mama. Festo akafuta pua na mkono wa koti, akasema, "Haya, leteni. Lakini mlango ufungwe wakati wote. Joto likitoka maua yanaharibika, na maua yakiharibika ninyi na mimi tutakwenda kulima viazi kwetu." Kisha akanitazama mimi. "Wewe, binti. Wewe ndiye mnyapara wa watoto. Nikikuta mlango wazi, nakukata posho."

Nilijisikia mkubwa, nakwambia. Hakuna aliyewahi kunipa kazi yenye jina.

Nyumba ile niieleze, maana bila hiyo hamtaelewa. Ilikuwa ya matofali mabichi, ndefu, bati juu. Kwa nje, upande mmoja, kulikuwa na tanuri la kuni. Moto wake ulipita ndani ya bomba kubwa la chuma lililolala chini kutoka huku mpaka kule, na moshi ukatokea kwenye dohani upande wa pili. Kwa hiyo ndani kulikuwa na joto bila moshi. Kushoto na kulia vilikuwa vichanja vya waya na magunia, ghorofa juu ya ghorofa, na maua yametandazwa. Juu kabisa ukutani kulikuwa na kidirisha kimoja kisicho na kioo, cha kutolea mvuke. Mlango ulikuwa wa mbao, na komeo lake lilikuwa kwa nje.

Tuliingia watoto watano. Sijawahi kuingia mahali pazuri namna ile. Mgongo uliacha kuuma. Tulivua magunia yakatoa mvuke. Kwenye kingo za vichanja na sakafuni kulikuwa na nzi, mende, nyuki, wote wamekufa chali, miguu juu, na Lusajo alikuwa anawaokota anawapanga foleni. Akachuma ua moja kwenye kichanja akalitia mdomoni. Alikunja uso kama mzee, akalitema, akanikasirikia mimi kana kwamba ndiye niliyelipika. Tulicheka mpaka Eliza akakojoa.

Festo akachungulia mchana. "Mkate wangu umeiva?" Tukapiga kelele, "Bado!" Akasema, "Basi funga mlango, uendelee kuiva. Jumamosi nampelekea Bwana anywee chai." Tukacheka tena. Huo ndio utani wake ulivyokuwa, na sisi tuliusubiri kila siku.

Jumatano ukungu uliondoka, anga likawa bluu kali, na tulipotoka kambini tulikuta nchi imebadilika. Majani yote yalikuwa meupe na yanalia chini ya mguu, kacha kacha. Mimi nilijua ni chumvi. Nyumbani chumvi ilikuwa imekwisha tangu wiki iliyopita na mama alikuwa anapika mboga bila, na mimi nikaona jinsi Mungu anavyofanya kazi. Nilikwangua nyingi sana, nikaifunga kwenye jani la mgomba, nikamkimbilia mama kwenye matuta. Alipofungua kulikuwa na maji tu. Nikasema nimeibiwa. Mama akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta, akanishika mashavu kwa vidole vyake vilivyopasuka, akasema, "Gwe mtoto, umeniletea umande ulioganda. Ndaga, asante." Hicho kilikuwa kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka, kwa hiyo ninakitunza.

Pareto iliyopigwa na baridi namna ile huwa inakuwa laini, na ukiichuma lazima ikaushwe siku hiyo hiyo, la sivyo inachemka yenyewe ndani ya gunia na kuwa nyeusi. Kina mama walichuma kila kilichokuwepo. Vichanja vya juu vikajaa.

Alhamisi ndiyo siku ya kuni, na hapa naomba msome polepole.

Kuni kavu za tanuri zilikuwa zimepangwa chini ya kibanda, zinatosha mwezi. Alhamisi mchana nilikuwa nimetoka kumsaidia Eliza haja, nikaona mkokoteni wa ng'ombe umesimama kibandani na Festo mwenyewe anapakia. Jumapili mtoto wake wa kwanza alikuwa anabatizwa, na nyumbani kwake walikuwa wanapika pombe ya ugimbi kwa ajili ya wageni, mapipa kwa mapipa, na ugimbi unataka moto usiozima. Alipoona namtazama akasema, "Binti, utakuja kwenye ubatizo? Kuna nyama." Nikasema nitakuja. Akapakia mpaka kibanda kikabaki sakafu. Kwa ajili ya tanuri akaacha magogo yaliyokuwa yamelala mvuani.

Magogo yale yalifanya moshi tu. Bomba likapoa, na ndani ya nyumba baridi ikarudi. Ijumaa asubuhi tulipoingia, maua ya vichanja vya juu yalikuwa yameanza kunuka uchachu, na Festo alikuwa humo ndani anayageuza kwa mikono yote miwili, hatanii, hacheki. Kesho yake ni Jumamosi. Bwana Kipenga alikuwa na desturi ya kuingiza mkono kwenye maua mpaka kiwiko, na akikuta ubichi anapiga filimbi.

Basi Festo akaleta madebe mawili yaliyotobolewa ubavuni, yale ya walinzi kuotea moto usiku, akayajaza mkaa kutoka jikoni kwa Bwana. Aliuwasha nje mpaka ukawa mwekundu wote, bila ulimi wa moto. Akayaingiza ndani, moja huku, moja kule, chini ya vichanja. "Mkaa hauna moshi," akaniambia, kama mwalimu. "Maua hayatanuka." Kisha akachukua ngazi. "Nishikie hapa." Nikashika. Akapanda, akasema, "Nipe hayo magunia," nikampa mawili, akayakunja, akaziba kile kidirisha cha juu, akayapigilia kwa ngumi yasidondoke. Akashuka, akapangusa mikono, akasema, "Sasa hata Kitulo yenyewe ikija haiingii. Mlango?"

"Nitafunga."

"Binti mzuri."

Joto lilikuja haraka. Lusajo na Eliza ndio waliokuwa wadogo kuliko wote, na Lusajo alikuwa bado anakohoa, kwa hiyo mimi mwenyewe niliwachagulia mahali pazuri, kichanja cha chini kule mwisho, karibu na debe. Niliwatandikia gunia. Lusajo hakutaka kulala, alitaka nzi wake. Nikamkemea. Nikamwimbia. Baadaye akalegea, akalala, na Eliza naye, na nikafurahi sana na ule ukimya.

Sisi watatu wengine tulikuwa karibu na mlango tunacheza na mbegu. Kichwa kikaanza kunigonga. Mtoto mmoja akasema anasikia kichefuchefu. Nikajua ni uji, maana uji wa asubuhi ile ulikuwa wa unga uliokaa. Nikasema twende nje tukatapike, tusichafue maua ya Bwana tukapigwa. Tukatoka. Miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine. Nikageuka, nikafunga mlango, nikatia komeo.

Hilo nimelisema. Sijamwachia mtu mwingine alisemee.

Tulikaa chini ya ukuta, tumetapika, upepo unatupiga, na kichwa kikapata nafuu kidogo kidogo. Niliona vizuri kutowarudia wale wawili wasije wakaamka. Tukakaa hapo mpaka kina mama walipoleta vikapu vya asubuhi, na mama akatia mkono kwenye komeo.

Yaliyofuata nayakumbuka kwa vipande. Mtu alimkimbilia dresa wa zahanati, Yohana, naye akaja na koti lake jeupe na daftari. Lakini kabla hajafika Festo alikuwa ameingia ndani. Nilimwona anatoka na debe, akamwaga mkaa mferejini, ukalia tsss, akarudi kuchukua la pili. Nilipotazama tena juu, magunia hayakuwepo kwenye kidirisha, na nikaona kipande cheupe cha anga. Sikuwaza lolote. Niliona kama mtu anayefagia nyumba wageni wanapokuja.

Kisha akaja kwangu na blanketi, akanifunika mabegani, akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na yangu. Yohana alikuwa amesimama nyuma yake na kalamu.

"Usilie, binti. Hakuna atakayekupiga. Mdogo wako alikuwa na tabia ya kutia vitu mdomoni, si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Na maua je? Alitia mdomoni?"

Nikakumbuka Jumanne. "Ndiyo."

"Na Eliza alikuwa anamfuata kila anachofanya."

"Ndiyo."

Festo akamgeukia Yohana. "Umesikia mwenyewe. Dawa inayoua mende itamwacha mtoto? Nilimkataza mama yake. Nilimwambia, mama, humu hapafai watoto. Akaniona mbaya."

Yohana akaandika. Hakuingia ndani ya nyumba ile. Hakufungua midomo ya wale watoto kutazama kama mna ua. Aliandika neno la mtoto wa miaka minane aliyetoka kutapika, akafunga daftari. Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia nimejibu vizuri, kama shuleni mwalimu anapokuuliza na jibu unalo.

Mama alikuwa amekaa chini na Lusajo mapajani. Alisema, "Mnyapara, si wewe uliyesema leteni?" Festo hakumjibu yeye, aliwajibu wanawake. "Msiba unamchanganya. Tumwache." Akavua kofia.

Jumamosi jua likawaka, baridi ikawa imeondoka kama mtu aliyemaliza shughuli yake. Bwana Kipenga akaja. Aliingiza mkono kwenye maua mpaka kiwiko, yalikuwa makavu. Alitoa mbao za masanduku mawili. Alisema kwa Kizungu na Festo akatafsiri kwamba tangu leo mtoto haruhusiwi kwenye nyumba ya maua, na kwamba mama wa watoto wawe na akili. Hakuuliza chochote zaidi. Kuni zimekwenda wapi hakuuliza, na kibanda kilikuwa kitupu mbele ya macho yake. Jumapili asubuhi tulizika. Jumapili mchana, upande wa pili wa kilima, tulisikia vigelegele vya ubatizo.

Baba alikuja kutoka Makongolosi baada ya wiki mbili. Alimwuliza mama swali moja tu, amesimama mlangoni na mzigo wake.

"Ulimweka kwenye maua?"

"Nilimweka kwenye joto."

"Nimeuliza maua."

Mama akasema ndiyo. Baba hakutua mzigo, akageuka nao akaondoka. Jina lake nalitaja pia, Anosisye, baba yangu mzazi, ambaye alikaa miaka miwili na zaidi bila kumwona mtoto na akatumia dakika moja kumhukumu mama yake.

Mama Eliza hakumsalimia mama tena mpaka alipohama. Simlaumu sana, maana mama ndiye aliyeomba watoto waingie, na yeye aliamini Eliza alikula maua kwa kumfuata Lusajo. Lakini wengine nawalaumu. Sokoni mtu akinunua mboga karibu na mama anasema kwa sauti, "Leo unawalisha nini?" na wenzake wanajifanya kukohoa. Kazi ya pareto alifukuzwa. Tulirudi Tukuyu kwa wajomba, na maneno yakawa yamefika kabla yetu.

Alipozeeka kabla ya wakati wake alikuwa na tabia moja. Mtoto yeyote aliyepewa ambebe, kabla hajamlaza alimfungua mdomo na kupitisha kidole, huku na huku, juu ya fizi, kutafuta. Alimfanyia hivyo mwanangu wa kwanza siku ya tatu baada ya kuzaliwa, mtoto ambaye hajaona hata jua. Nilimwambia, "Mama, hamna kitu." Akasema, "Hata kule nilitazama, hamkuwa na kitu. Lakini ulisema alikula." Alikufa anaamini neno langu kuliko kidole chake.

Mimi nami niliamini. Nilikuwa nimeona mende wale chali, ushahidi gani tena? Mpaka miaka sita iliyopita, hapa Chimala. Nilinunua vifaranga, ikaja mvua ya baridi, nikawaweka kwenye chumba cha stoo, nikaziba madirisha na magunia, nikawawekea jiko la mkaa. Asubuhi wote wamelala, wamependeza, hakuna aliyeamka. Bwana mifugo akaja, kijana mdogo, akasimama mlangoni akatingisha kichwa.

"Mama, umewaua kwa mkaa. Hewa yake haina harufu, haina moshi. Na wewe ungelala humu, leo tungekuwa kwenye msiba wako."

Nikamshika mkono. "Na pareto je? Mtoto akitafuna ua la pareto?"

Akanishangaa. "Atalitema, ni chungu. Labda tumbo litamsumbua kidogo. Mbona unauliza?"

Nilikaa pale sakafuni na vifaranga mpaka akadhani nalilia hasara.

Mwaka huo huo nilimtafuta Festo. Haikuwa kazi. Anakaa karibu na Mafinga, ana nyumba ya mbao nzuri, ni mzee wa kanisa, anashika sahani ya sadaka na anasuluhisha ndoa za watu. Mkewe, yule yule wa ule ugimbi, alinikaribisha chai. Yeye alikuwa amekaa barazani na fimbo. Nikamwambia mimi ni nani.

"Aaa, dada yangu," akasema. "Yale mambo ni ya zamani sana. Mungu alishafuta."

"Kulikuwa na madebe ya mkaa, mzee."

"Mkaa? Pale kulikuwa na tanuri la kuni. Mkaa wa nini?"

"Kuni ulizipeleka kupikia ugimbi. Ukaleta mkaa. Ukaziba kidirisha."

Akamtazama mkewe, akacheka kile kicheko chake cha zamani, meno yamepungua. "Mnaona? Mtoto wa miaka minane, leo ana mvi, anakuja na hadithi. Wewe mwenyewe ulisema walikula maua. Yohana aliandika. Mimi sikugusa kitu pale."

"Uliziba na magunia mawili."

"Sasa unanitupia mimi tu," akasema, na hasira ikampanda. "Kwani ngazi alinishikia nani? Si wewe?"

Mkewe aliweka birika chini. Mimi sikuwa nimetaja ngazi. Tangu nimefika sikuwa nimelitaja neno hilo, na Festo alilijua hilo kama mimi nilivyolijua.

Mkewe akasema taratibu, "Baba, ngazi gani?"

Festo akainuka, akachukua fimbo, akaingia ndani. Nilisubiri mpaka chai ikapoa. Hakutoka.

Yohana amekufa. Bwana Kipenga alirudi kwao na filimbi yake. Baba amekufa. Hao nimemwachia Mungu, ajue la kufanya nao. Wewe Festo uko hai, unasikia vizuri, na kila Jumapili unasimama mbele ya watu. Sitaki mbuzi. Sitaki unishike mkono chumbani uniambie yaishe. Mama yangu aliitwa Subilaga, na alichafuliwa mbele ya watu, kwa hiyo asafishwe mbele ya watu. Kuni ulipeleka wapi? Mkaa aliingiza nani? Magunia yale uliyatoa kwa haraka ile, kabla dresa hajafika, kwa sababu ulikuwa umeshajua nini? Mimi la komeo nimeshalijibu hapa, na nitalijibu popote nitakapoulizwa. Sasa simama wewe hapo mbele, uweke sahani chini, ujibu yako.